Uliza Tukujibu: Wu Lei, kijana wa Chongming aliyeifunga Barcelona

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Katika toleo lililopita tulimtaja Wu Lei, mshambuliaji wa Shanghai Port ya China, kwa mistari miwili tu, kwamba aliifunga Barcelona mwaka 2020. Wasomaji wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wametaka zaidi: wengine kumaliza ubishi, wengine kwa ajili ya watoto wao na timu zao. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Wahariri, habari za kazi. Hapa kijiweni tumebishana wiki nzima. Mmoja anasema huyo Mchina alicheza ligi akiwa na miaka 14, mwingine anasema hizo ni hadithi za mitandaoni. Tupeni safari yake yote tumalize ubishi. — Fundi pikipiki, Nkuhungu

Nzuri, ndugu yetu. Aliyesema miaka 14 yuko sahihi, ila anayebisha naye ana kahoja kake. Wu Lei alizaliwa Nanjing tarehe 19 Novemba 1991. Tarehe 2 Septemba 2006 aliichezea Shanghai East Asia mechi yake ya kwanza akiwa na miaka 14 na siku 287, na wakati huo hapakuwa na Mchina aliyewahi kucheza soka la kulipwa nchini kwao akiwa na umri mdogo hivyo. Ila ile ilikuwa ligi ya daraja la tatu. Ligi kuu yao, Super League, aliigusa mwaka 2013 akiwa na miaka 21. Katikati hapo ipo miaka saba ya kucheza madaraja ya chini, na hiyo ndiyo sehemu ya safari yake ambayo watu huiruka.

Timu yenyewe ilitokana na kituo cha vijana katika kisiwa cha Chongming, mdomoni mwa mto Yangtze, kilichoanzishwa na kocha Xu Genbao, yule aliyeipa Shanghai Shenhua ubingwa wa China mwaka 1995. Xu hakuwatawanya vijana wake kwa kuwauza mmoja mmoja. Aliwaundia klabu, akawaingiza kwenye ligi ya wanaume wazima, wakafungwa na kufunga pamoja. Beki Zhang Linpeng na kipa Yan Junling, ambao baadaye wote waliichezea timu ya taifa, wametoka kundi hilohilo. Mwaka 2007 walitwaa ubingwa wa daraja la tatu, wakakaa daraja la pili misimu mitano, na mwaka 2012 wakapanda ligi kuu kama mabingwa.

Huko juu Wu Lei alifunga mabao 15 mwaka 2013, kisha 12, 14, 14, 20, na mwaka 2018 akapachika 27 katika mechi 29. Mwaka huo klabu, ambayo tayari ilikuwa ikiitwa Shanghai SIPG, ilichukua ubingwa wake wa kwanza wa China, naye akawa mfungaji bora. Tangu Mchina mwenzake Li Jinyu aichukue mwaka 2007, tuzo hiyo ilikuwa inachukuliwa na wageni tu.

Januari 2019 alicheza Kombe la Asia akiwa na bega lililoumia, China ikatolewa na Iran robo fainali, na siku chache baadaye akasaini Espanyol ya Barcelona. Ada ilitajwa kuwa takriban euro milioni 2. Espanyol ilikuwa inamilikiwa na kampuni ya Kichina, Rastar, na wapo waliosema ameletwa kuuza jezi. Jibu lake lilikuja tarehe 2 Machi 2019 dhidi ya Real Valladolid, akawa Mchina wa kwanza kufunga La Liga. Siku ya mwisho ya msimu alifunga tena dhidi ya Real Sociedad, na ushindi ule ukaipeleka Espanyol Europa League.

Bao lenyewe la Barcelona ni la tarehe 4 Januari 2020. Espanyol iko nyuma 2-1, yeye kaingia kutoka benchi, Barcelona imebaki pungufu baada ya Frenkie de Jong kupewa kadi nyekundu. Dakika ya 88 Matías Vargas anainua kichwa. Wu Lei anapenya upande wa kulia wa eneo la hatari, anaupokea mpira ukiwa mbele yake, na bila kuuremba anaupiga chini-chini kwa mguu wa kulia ukatize mbele ya kipa Neto hadi kona ya mbali. 2-2, na ndivyo ilivyoisha.

Hata hivyo msimu ule Espanyol ilishika mkia na kushuka daraja. Alibaki nayo, wakarudi juu mwaka 2021 kama mabingwa wa daraja la pili, lakini msimu uliofuata dakika zake zilipungua sana. Agosti 2022 akarudi nyumbani, klabu ikiwa sasa inaitwa Shanghai Port. Alitwaa nayo ubingwa mwaka 2023, na mwaka 2024 alifunga mabao 34 katika ligi ya mechi 30, klabu ikachukua ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Kwa mshambuliaji anayetimiza miaka 33, hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Jina lake ni Wu au Lei? Watangazaji wanatuchanganya. — Mwanafunzi, UDOM

Wu ni jina la ukoo, Lei ndilo alilopewa yeye. Wachina hutanguliza ukoo, hivyo kumwita "Lei" peke yake ni kama kumwita mtu kwa jina la nyumbani. Ndivyo pia kwa wachezaji wa zamani wa China, Sun Jihai (ukoo Sun) na Zheng Zhi (ukoo Zheng). Kama unataka kupata matamshi vizuri, hapohapo chuoni kwenu ipo Taasisi ya Confucius, walimu wake watakusaidia kwa dakika tano.

Mbukwenyi, wahariri. Kijana wangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Kocha wa kituo kimoja anataka aache shule akae kambini, anasema Wu Lei alianza umri huo. Mimi mama yake sijui mpira. Nimruhusu? — Mama wa kijana, Kisasa

Mama, usimtoe shule. Tunalisema hili bila kusitasita. Wu Lei katika miaka 14 alikuwa mmoja kati ya kundi zima, ndani ya klabu iliyosajiliwa, yenye kocha aliyewahi kubeba ubingwa wa nchi na ligi iliyokuwa ikiwasubiri. Kituo kinachomtaka mtoto aache masomo huku hakina timu kwenye ligi yoyote hakimpi kile Wu Lei alichopewa, yaani mechi. Muulize kocha maswali haya matatu: timu inacheza mashindano gani, mechi ngapi kwa mwaka, na mtoto wangu amesajiliwa TFF kwa jina la klabu gani? Asipokuwa na majibu, acha acheze UMISSETA na timu ya mtaa huku akijiandaa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili.

Halafu kuna mwili wake. Makocha wa vijana wana kipimo chepesi: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Kwa miaka 14, saa 14 ukijumlisha na michezo ya shule, na siku moja kamili ya kupumzika, ikiwezekana mbili. Kila usiku alale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale kano inaposhikamana na mfupa wa muundi, na panavimba ukipagusa, usimpake dawa ya kuchua ukamrudisha uwanjani. Umri huo mifupa inarefuka haraka kuliko misuli, na kila shuti na kila mruko unaivuta sehemu hiyo laini. Apunguze kukimbia na kuruka hadi maumivu yatulie, aende hospitali akaangaliwe. Akilazimishwa, tatizo la wiki chache hugeuka la miezi.

Jambo la tatu ni karatasi, na hapa ndipo wazazi wengi huchelewa. Pata cheti cha kuzaliwa cha RITA mapema, na hakikisha jina na tarehe ni zilezile kwenye cheti, shuleni, na kwenye usajili wa timu. Siku akija kuhamia nje, klabu mpya itaomba pasipoti ya mchezaji, yaani hati inayoonyesha klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Jina likiwa la babu huku na la baba kule, hati inagoma. Asishawishiwe kupunguza umri. CAF hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, na picha ya mfupa haidanganyiki.

Na kama watakuletea mkataba, fahamu kuwa kanuni za FIFA haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kufungwa kwa zaidi ya miaka 3. Kuhamishiwa nchi nyingine kabla ya miaka 18 pia kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi wenyewe kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Anayekuambia atampeleka China au Ulaya mwaka huu, mfungie mlango.

Nafundisha timu ya vijana. Nimetazama mabao ya Wu Lei kwenye simu: si mrefu, si mbabe, lakini kila mara yuko peke yake na kipa. Anafanyaje, na naweza kufundisha hilo kwenye uwanja wa vumbi? — Kocha, Kongwa

Umeona sawasawa, kocha. Kinachomlisha Wu Lei ni mbio za nyuma ya mabeki, na siri yake iko kabla ya mbio zenyewe. Husimama upande wa kisogo cha beki. Beki akitaka kuona mpira hamwoni Wu Lei, akigeuka kumtafuta Wu Lei anaupoteza mpira. Huondoka katika sekunde ile beki ameugeukia mpira. Hilo linafundishika hata bila nyasi.

Pima mita 30 kutoka golini, weka koni kama mstari wa mabeki. Mabeki wawili wasimame hapo, mita 8 hadi 10 kati yao. Kiungo mwenye mpira awe mita 12 mbele yao upande wa katikati ya uwanja. Mshambuliaji asimame begani kwa beki wa mbali, upande wa kisogo. Kiungo apokee pasi kutoka kwa mwenzake. Hapo mshambuliaji apige hatua mbili kuujia mpira, kama anayetaka pasi ya mguuni, ili beki amfuate. Kiungo akigusa mara ya kwanza na kuinua kichwa, hiyo ndiyo kengele. Mshambuliaji akimbie kwanza sambamba na mstari wa mabeki hatua tatu au nne, kisha aukate kwa upinde kati ya mabeki wawili. Mguso wa kwanza uelekee golini, wa pili ni shuti la chini kona ya mbali.

Rudia mara 6, kila mara apumzike dakika moja akitembea kurudi. Seti 3, dakika 3 kati ya seti. Hizo ni mbio 18 za nguvu, zinatosha kwa siku. Fanya mara mbili kwa wiki, isiwe siku ya kuamkia mechi. Vijana wakiomba kuongeza, kataa. Mbio za uchovu zinafundisha kuchelewa, na misuli ya nyuma ya paja hukatika mtu akiwa amechoka. Kabla ya yote wapitishe kwenye FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili na kuzuia majeraha ya dakika 20, hata kama muda ni mfupi.

Utayaona makosa haya. La kwanza, kuondoka mapema. Mshambuliaji anautazama mpira badala ya kichwa cha kiungo, anaotea, kisha anamlaumu mshika kibendera. Mwambie macho yake yawe usoni kwa kiungo. Akiwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, wakati pasi inapigwa hajaotea, na mikono haihesabiwi. La pili, kukimbia mstari ulionyooka kutoka mwanzo. Akianza hivyo, pasi ikichelewa nusu sekunde tu keshaotea. Upinde ndio unaompa muda wa kusubiri akiwa bado kwenye mwendo. La tatu ni la kiungo: anatumia miguso mitatu, minne, na wakati anapoinua kichwa mwenzake keshapita. Mpe miguso miwili tu. La nne, shuti la nguvu zote. Litazame tena bao la Barcelona: hakuna nguvu pale, kuna mahali.

Sasa vumbi la Kongwa. Kwenye udongo mkavu mpira hauishi mwendo kama kwenye nyasi, unateleza hadi kwa kipa. Punguza pasi: iangukie mita 3 au 4 nyuma ya mabeki, si 8. Sheria inaruhusu mpira kujazwa upepo kati ya 0.6 na 1.1 za kipimo cha atmosfia. Kwenye ardhi ngumu jaza karibu na 0.6 au 0.7, utapunguza mdundo wa kukera. Viatu viwe vya meno mafupi mengi, si vile vya meno marefu sita ya kufunga kwa skrubu, ambavyo kwenye ardhi kavu havizami na hupindisha kifundo. Na fanyeni saa 12:30 asubuhi kabla upepo haujaamka. Miezi ya Julai na Agosti upepo wa alasiri kwetu huku unageuza pasi ya juu kuwa bahati nasibu, kijana akakosa bao na wewe usijue kosa ni lake au la upepo.

Mbona Dong Fangzhuo alisajiliwa na Manchester United kabisa, lakini leo hakuna anayemkumbuka? Alikuwa na kipaji kuliko Wu Lei. — Shabiki, Area C

Kipaji alikuwa nacho. Manchester United ilimchukua kutoka Dalian Shide Januari 2004 akiwa hajatimiza miaka 19 au ndio anaitimiza. Kilichomkwamisha ni kibali cha kazi. Kanuni ya Uingereza wakati huo ilitaka mchezaji wa nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa kwa miaka miwili, na taifa lenyewe liwe ndani ya 70 bora duniani. Kijana wa umri huo angeyapata wapi? Akapelekwa kwa mkopo Royal Antwerp ya Ubelgiji. Huko alifunga vizuri, tena daraja la pili, na ndiyo miaka yake bora. Kibali kikatoka mwishoni mwa 2006. Alicheza mechi moja ya ligi, tarehe 9 Mei 2007 dhidi ya Chelsea, 0-0, ubingwa ukiwa tayari umeshachukuliwa, na nyingine mbili za vikombe. Mechi tatu za mashindano kwa jumla. Agosti 2008 akaachwa.

Angalia hesabu yake. Kuanzia miaka 22 hadi 23, umri ambao mshambuliaji anakomaa, alikuwa anafanya mazoezi na Rooney na Ronaldo siku za wiki, na Jumamosi anatazama. Mazoezi hayafundishi kupokea mpira dakika ya 80 miguu ikiwa mizito na beki anakusukuma. Wu Lei wakati wa umri huo alikuwa na zaidi ya misimu sita ya kucheza kila wiki, ingawa nyingi ni mbele ya watazamaji wachache wa madaraja ya chini. Sisi tungekuwa wazazi wa Dong tungemwombea abaki Ubelgiji moja kwa moja, aachane na Old Trafford.

Mbwana Samatta alipanda ngazi kwa namna inayofanana zaidi na ya Wu Lei: African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe tangu 2011, Genk Januari 2016, ubingwa wa Ubelgiji 2019, ndipo Aston Villa Januari 2020, na bao dhidi ya Bournemouth tarehe 1 Februari. Kila alipohama, alihamia mahali alipopangwa. Baadaye naye akaichezea Royal Antwerp hiyohiyo kwa mkopo.

Tuongeze kuwa Uingereza si makaburi ya Wachina wote. Sun Jihai alisajiliwa Manchester City mwaka 2002, akakaa hadi 2008 na mechi zaidi ya 100 za ligi, licha ya kuumia vibaya goti mwaka 2004. Alikuwa beki anayeweza kucheza kulia, kushoto na kiungo. Kocha akipungukiwa popote, jina lake lilikuwa linaandikwa.

Tuna kituo kidogo cha vijana. Wu Lei alipouzwa Hispania, kile kituo cha kisiwani kilipata chochote? Na sisi mtoto wetu akiuzwa nje tunapata nini? — Mlezi wa kituo, Manyoni

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akihamishwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine wakati ana mkataba, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka minne ya kwanza, ya kutimiza umri wa 12 hadi 15, kila mmoja una asilimia 0.25. Minane inayofuata, 16 hadi 23, kila mmoja asilimia 0.5. Kwa ada ya euro milioni 2, fungu lote ni euro 100,000. Wu Lei misimu yake ya ukubwani yote aliicheza klabu ileile iliyokuwa inamuuza, kwa hiyo sehemu kubwa ya fungu hilo ilikuwa mali ya muuzaji mwenyewe. Kwenu itakuwa tofauti. Mkimlea kijana tangu mwaka anaotimiza umri wa 12 hadi anaotimiza 17, mna miaka minne ya 0.25 na miwili ya 0.5, jumla asilimia 2. Akiuzwa baadaye kwa euro 500,000, fungu lenu ni euro 10,000, na hulipwa tena kila anapouzwa hivyo, hata akiwa na miaka 30.

Cha pili ni fidia ya mafunzo, inayolipwa anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi na kwenye uhamisho wa kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Hii huhesabiwa kwa gharama za malezi kulingana na daraja la klabu, haiangalii ada.

Vyote viwili vinaota mbawa kwa kosa moja: kituo hakikusajiliwa kama klabu chini ya chama cha mkoa na TFF, au mtoto alicheza miaka mitano bila kuingizwa kwenye mfumo wa usajili. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA inayosoma kumbukumbu za kielektroniki. Daftari lenu la mahudhurio, hata likiwa safi kiasi gani, peke yake halitoshi. Sajilini kila mtoto, kila msimu, tangu mwaka anaotimiza miaka 12.

Nina miaka 22, nacheza Championship. Wakala ananiambia China kuna pesa, nitume dola 1,500 za majaribio na viza. Mnashauri nini? — Winga, Dodoma mjini

Usitume hata senti. Wakala halali hulipwa kutokana na mkataba, halipwi ili uonekane. Kwanza tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni iliyoko tovuti ya FIFA. Pili, klabu yenyewe inatakiwa kutuma mwaliko kwa klabu yako, na klabu ikiwa imekusajili, wewe huendi popote bila ruhusa yake.

Kuhusu pesa, ile China ya kumnunua Oscar kutoka Chelsea kwa pauni milioni 60 imekwisha. Mwishoni mwa 2020 chama chao cha soka kiliweka kikomo cha mshahara: yuan milioni 5 kwa mwaka kwa mzawa, euro milioni 3 kwa mgeni. Klabu ya Jiangsu ilichukua ubingwa Novemba 2020, na Februari 2021 ikafunga shughuli. Guangzhou, yenye mataji manane ya ligi, ilivunjwa Januari 2025. Septemba 2024 watu 43 walifungiwa maisha kwa upangaji wa matokeo na kamari, na Desemba mwaka huohuo Li Tie, kiungo wa zamani wa Everton aliyewahi kuifundisha timu ya taifa, alihukumiwa miaka 20 jela kwa rushwa. Ligi imesafishwa na bado inalipa, lakini nafasi za wageni ni chache na wanaozipata wengi wametoka ligi kubwa.

Ikitokea nafasi ya kweli, fuata mpangilio huu. Vipimo vya afya kwanza, saini baadaye, maana kanuni za FIFA haziruhusu mkataba uliosainiwa kutegemea vipimo au kibali cha kazi. Mkataba uwe wa lugha mbili, na utafute kifungu kinachosema lugha ipi inatawala zikipingana. Kama ni Kichina, tafuta mtafsiri wako, si wa klabu. Viza ya kazi ni ya herufi Z, na ukifika unaomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Ya herufi L ni ya utalii, haikuruhusu kulipwa. Hati ya uhamisho wa kimataifa hutumwa kati ya TFF na chama cha China kwa mfumo wa FIFA; usicheze mechi hata moja ya mashindano kabla haijafika. Mishahara miwili ya mwezi ikipita bila kulipwa, waandikie klabu kwa maandishi ukiwapa siku 15. Wasipolipa, una haki ya kuvunja mkataba na kudai FIFA. Tunza nakala za taarifa za benki tangu mwezi wa kwanza, si siku ugomvi unapoanza.

Shikamooni. Mimi ni binti, nacheza namba 10 shuleni. Je, China wana wanawake wakubwa kwenye mpira? — Mpwapwa

Marahaba, binti yetu. Wanao, na wamewazidi wanaume mbali. Wanaume wamefika Kombe la Dunia mara moja tu, mwaka 2002, wakapoteza mechi zote tatu bila kufunga bao. Wanawake walicheza fainali mwaka 1999 dhidi ya Marekani mbele ya watu zaidi ya 90,000, wakafungwa kwa penalti tu. Nahodha Sun Wen wa Shanghai alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yale na kufunga mabao 7, sawa na Sissi wa Brazil. FIFA ilimtangaza mchezaji bora wa karne wa wanawake pamoja na Michelle Akers. Alicheza safu ya mbele. Tafuta picha zake za mwaka ule uangalie jinsi anavyotazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujamfikia.

Mechi za Shanghai Port zinaanza saa ngapi kwetu? — Mwenye banda la mpira, Chang'ombe, Dodoma

Beijing wako mbele yetu saa 5. Mechi nyingi za Super League huanza saa 1:35 usiku kwao, yaani saa 8:35 mchana kwako, mapema kabla ya mechi nyingi za Uingereza. Msimu wao huanza karibu Machi na kwisha Novemba, hivyo Juni na Julai, Ulaya ikiwa mapumzikoni, wao wanacheza.